Kantini ya Mama na Kitabu cha Baba Tajiri

Mtoto wa dada yangu aliniletea kitabu siku ya Jumamosi, nikiwa nahesabu fedha za likirimba, mchezo wetu wa kuchangiana kwa zamu, kwenye baraza yangu hapa Kasuku, mjini Kindu. Zilikuwa karatasi za fotokopi zilizobanwa kwa pini, kurasa za mwanzo zimeshapotea, na pembeni kuna doa la mafuta ya mawese. Mtu alizibeba kwa ndege kutoka Kinshasa, zikapita mikono mingi pale chuo kikuu kabla ya kunifikia. “Mama mdogo,” akaniambia, “hiki ndicho Père riche, père pauvre. Kisome. Humu wanasema mwenye kuweka akiba ndiye anayepoteza. Ninyi mnapoteza.” Wamama wenzangu walikuwa wamekaa mkekani wanasikia.

Sikumjibu pale pale. Nilimaliza kuhesabu, nikamkabidhi fungu lake yule ambaye zamu yake ya kula ilikuwa imefika, nikaandika kwenye kaye, daftari letu la hesabu, ndipo nikazipokea zile karatasi. Nilizisoma siku tatu usiku, kwa tochi ya simu. Mimi ni mwalimu wa historia, nimefundisha sekondari miaka 31, na kila ukurasa niliofunua ulinirudisha mahali pamoja: kwenye kantini ya mama yangu.

Kantini ni sanduku la bati, lile walilosafiri nalo askari na makarani wa zamani. Ya mama ilikuwa ya kijani, na ufunguo wake aliufunga kwenye ncha ya kikwembe kiunoni. Chini kabisa alilaza vitambaa vya wax vya Uholanzi. Juu yake vilikaa vikwembe vya kiwanda cha Sotexki, vilivyotoka Kisangani kwa reli hadi Ubundu kisha vikapanda mto kwa mashua hadi bandari yetu, na juu kabisa vile vya kuvaa kila siku. Mara moja kwa mwezi alivitoa vyote, akavitandaza mkekani kivulini ili visishikwe na unyevu, akavihesabu kwa kugusa kila kimoja kwa kiganja, maana hakujua kuandika. Nyumba nzima ilinuka naftalini. Sisi watoto tulikatazwa kukanyaga mkeka ule, kana kwamba ni wa kuswalia. Usichanani niliona ni mambo ya urembo tu. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba nilikuwa natazama benki.

Na benki ile ina umri mkubwa kuliko Kindu yenyewe. Kabla mji wetu haujawa mji, soko kubwa la nchi hii lilikuwa Nyangwe, kusini, kwenye ukingo wa Lualaba. Wenyeji wa Maniema, mkoa wetu, walikuwa mafundi wa kufuma vitambaa vya nyuzi za mwale, ambavyo wafanyabiashara kutoka pwani waliviita viramba. Kiramba kilivaliwa, kilitolewa mahari, kilimaliza kesi ya damu, kilinunua chumvi na mbuzi. Mtu mwenye lundo la viramba juu ya dari alikuwa mtu wa kuaminika. Wenye kuuza na kununua pale Nyangwe walikuwa hasa wanawake: walivuka mto kwa mitumbwi alfajiri wakiwa na samaki, vyungu, kuku na mafuta, wakarudi na walichobadilishana. David Livingstone aliishi pale mwaka 1871 na kulishangaa soko lile. Tarehe 15 Julai mwaka ule akaona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa pwani wakilipiga risasi, na wanawake wakijitupa mtoni. Walikufa mamia. Ninapowafundisha wanafunzi tarehe hiyo huwaomba wakumbuke kwamba waliokufa walikuwa wamekuja kuuza samaki na kununua chumvi.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1874, msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe akakuta vitu vinavyopokelewa sokoni bila ubishi ni kauri, mbuzi na watumwa. Mtu alikuwa amekuwa fedha. Ukitaka kusoma historia ya mali ya Maniema lazima upite hapo, hata kama panauma. Kitabu cha kwanza cha Kiswahili kinachosimulia jinsi mtu alivyotajirika katika nchi hii ni kile cha Hamed bin Muhammed, Tippu Tip mwenyewe, aliyeyaandika maisha yake kwa herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kitabu chenye hesabu nyingi: mizigo ya shanga, frasila za pembe, deni alilochukua kwa Taria Topan, tajiri Mhindi wa Zanzibar, na faida aliyorudi nayo. Kiswahili chake ni kitamu, na Kasongo bado wako watu wanaojivunia ukoo wake. Nakisoma kwa heshima ya lugha ile. Lakini hesabu za gharama hazimo zote. Deni la Zanzibar limeandikwa, bei ya pembe imeandikwa. Vijiji vilivyolipa pembe zile havina safu yao katika daftari.

Nilianza kufikiri hivyo usiku wa kwanza, nikiwa na karatasi za kijana wangu mkononi. Vitabu vya utajiri vinajua kueleza fedha ilivyoingia mfukoni mwa mwandishi. Fedha ilikotoka havisemi sana, wala kama itakuwa hai kesho.

Fedha ya noti na ya chuma ilifika kwetu pamoja na reli na kodi. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, ilimaliza njia ya Kindu hadi Kongolo mwishoni mwa 1910, kwa sababu maporomoko ya mto upande ule hayapitiki kwa mashua. Mji wakauita Kindu-Port-Empain, kwa jina la baroni wa Ubelgiji aliyekuwa na mtaji. Mwaka 1915 karibu na Nyangwe wakajaribu kupanda pamba, na miaka miwili baadaye kilimo cha pamba kikawa cha lazima. Ulilima pamba upate franga, ulitafuta franga ulipe kodi ya kichwa, na usipolipa ulifungwa. Kwa watu wengi wa Maniema hiyo ndiyo salamu ya kwanza waliyopewa na fedha ya karatasi. Wengine walikwenda kuchimba bati Kalima. Wengine, kama baba yangu, walijifunza kuandika wakawa makarani katika maduka ya pale bandarini.

Mwaka 1950 serikali ya Ubelgiji ilianzisha Caisse d'épargne ya Kongo, na mafundisho ya akiba yakaanza kumiminika. Yalipita shuleni, yalipita kanisani, yalipita katika foyers sociaux ambako wake za makarani walifundishwa kushona, kupika na kupanga fedha ya nyumba. Karani mwenye livret ya akiba alihesabiwa kuwa mtu aliyestaarabika. Baba aliamini mafundisho yale kwa moyo wake wote. Alikuwa na livret ndogo yenye jalada gumu, na kila mwisho wa mwezi aliweka kitu, hata kidogo, akarudi nyumbani na muhuri mpya wa wino. Mwaka 1960 alikuwa amefikisha franga 12,000. Wakati ule dola moja ilikuwa franga 50, kwa hiyo alikuwa na thamani ya dola 240, nguvu za mwili wake kwa miaka minane.

Kilichofuata nakijua kwa tarakimu, kwa sababu livret ile ninayo. Baada ya uhuru franga ilishushwa thamani mara kwa mara. Tarehe 24 Juni 1967 ikaletwa fedha mpya, zaire, na kila zaire moja ikachukua nafasi ya franga 1,000 na kuwa sawa na dola mbili. Franga 12,000 za baba zikawa zaire 12, yaani dola 24. Hakuna aliyemwibia. Hesabu ilibaki sahihi mpaka senti ya mwisho, na mihuri yote ipo. Ni fedha iliyopungua ikiwa ndani ya kitabu kilichofungwa.

Baba hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba tangu hapo ataweka noti nyumbani, azione.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Noeli ya 1979. Redio ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 zimekufa, na kwamba mwenye nazo ana siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Hizo ndizo zilikuwa noti kubwa; kila mwenye akiba alikuwa na hizo. Huko Kinshasa watu walipanga foleni. Huku bara noti mpya zilifika haba. Mtu aliyekuwa Punia au Kabambare angefikaje mjini kwa siku zile, kwa mguu, mvua ikinyesha? Baba alikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa noti za 10, zimeviringishwa kwa uzi. Alisimama foleni siku mbili, akarudi na kopo lile lile. Nakumbuka alivyoliweka juu ya meza taratibu, kama mtu anayeweka yai. Mama hakusema neno. Aliingia chumbani, tukasikia kufuli la kantini, akatoka na wax moja ya Uholanzi iliyokunjwa mara sita, akaenda kwa mke wa mwenye duka jirani. Januari ile tulirudi shuleni, sisi wote wanne, na daftari mpya.

Sasa kitabu hiki cha kijana wangu, kilichoandikwa na Robert Kiyosaki, kinaniambia kwamba mwenye kuweka noti anapoteza. Kilitoka Marekani mwaka 1997. Mama alijua jambo hilo mwaka 1979, na naamini bibi zake walilijua tangu enzi za viramba.

Hasara ile haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Huko nyuma, tarehe 30 Novemba 1973, maduka ya wageni yalikuwa yamegawiwa Wazaire wenye majina, na hapa Kindu rafu zikabaki tupu kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1990 na 1991 Kinshasa ilishikwa na homa ya Bindo na wenzake, walioahidi kuzizalisha fedha za watu mara kadhaa kwa wiki chache. Watu waliuza magari na friji wapeleke fedha pale, na mwaka 1991 ukaporomoka mjengo wote. Mwaka 1993 ulianza kwa noti ya zaire milioni 5, ambayo wauzaji waliikataa, na askari waliolipwa noti hiyo wakapora mji mkuu. Oktoba mwaka ule ule ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Huwa nawaandikia wanafunzi ubaoni: mwaka 1967 dola moja ilinunuliwa kwa nusu zaire. Mwaka 1998, ukizihesabu zaire zile zile za zamani, dola moja ilitaka zaidi ya bilioni 400. Kisha hata franga ile, iliyoanza kwa franga moja na kitu kwa dola, leo imepita 2,000.

Wanafunzi hucheka wakiona sifuri zile. Nawaacha wacheke, halafu nawaambia waende nyumbani wamuulize bibi ni kitu gani kilibaki. Majibu yao nimeyaweka miaka yote. Mbuzi. Cherehani. Tofali za kuchoma. Manjanja, yaani mabati ya kuezekea, yaliyopangwa chini ya kitanda moja moja mpaka yatoshe paa. Baiskeli. Vikwembe. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeniletea jibu la fedha.

Lakini sitaki kuvisifu vitu kuliko vinavyostahili. Tarehe 12 Oktoba 1998 Kindu iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD, na vita vikakaa kwetu miaka mitano. Reli ikanyamaza. Watu wenye silaha walipita mitaani wakivua manjanja juu ya nyumba, na nyumba ya tofali za udongo ikishavuliwa paa hudumu mvua mbili. Mbuzi waliliwa. Asubuhi tuliyokimbia, mama hakuweza kubeba kantini. Alivaa vikwembe vinne, kimoja juu ya kingine, akaonekana mnene kama mwanamke mwenye mimba, akaingia mtumbwini hivyo, tukavukia upande wa Alunguli na kutokomea msituni. Kimoja kilinunua chumvi na beseni la mpunga. Cha pili kilimlipa mwenye baiskeli aliyembeba dada yangu mgonjwa. Cha tatu kilikuwa sanda ya baba.

Cha nne alirudi nacho.

Tulipokuwa kule msituni tulilala kwa watu ambao sikuwajua. Walitupa nyumba na shamba la mihogo, na nilipomuuliza mama kwa nini, alisema: baba yako alimlipia mtoto wao minerval ya shule mwaka gani ule, kabla hujazaliwa. Vitabu hivi, cha Kiyosaki na vinavyofanana naye, vina namna ya kuwatazama ndugu kama tundu kwenye mfuko. Naujua uzito wa ndugu. Mshahara wa mwalimu ukitoka, saa sita mchana mlangoni wameshakaa watatu, na nimewahi kujificha ndani nikiwa na aibu. Pamoja na hayo, miezi ile minane msituni tuliishi kwa akiba ambayo baba hakuiandika katika livret, na hiyo peke yake haikukatwa sifuri.

Likirimba yetu ilizaliwa baada ya vita, tuliporudi. Jina ni la zamani, limepanda na mto kutoka kwa watu wa Kilingala. Utaratibu ni mwepisi: sisi ni kumi na wawili, kila Jumamosi kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mmoja anakula vyote. Zamu hupigwa kura mwanzo wa mzunguko, ila mwenye msiba au mwenye mtoto hospitali hupishwa, na anayempisha hahesabiwi kuwa mpumbavu. Fedha hailali. Inaingia saa nne na kutoka saa tano, na kabla ya jua kuzama imeshakuwa gunia la mchele, dumu za mawese, ada ya shule, manjanja matatu. Mtu aliyeishi na noti zinazokufa atafahamu mara moja uzuri wa fedha isiyolala.

Baadaye yakaja mashirika na njia ya AVEC, iliyoanzia kwa wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991: sanduku la chuma lenye makufuli matatu, funguo kwa watu watatu tofauti, mihuri katika kitabu cha kila mwanachama, mikopo midogo midogo, na mgao mwisho wa mwaka. Tuliipokea tukaiweka ubavuni mwa likirimba, hatukuacha ya zamani. Mimi nilipewa kaye na ufunguo wa kwanza. Wa ufunguo wa pili anauza samaki wa moshi. Wa tatu ni mkubwa wetu, anatoka Alunguli, anavuka mto kila Jumamosi kwa mtumbwi na umri wake umepita 70.

Basi Jumamosi iliyofuata niliwasomea wenzangu kile kitabu, nikitafsiri Kifaransa chake kwa Kiswahili chetu, sura moja leo, nyingine wiki ijayo. Nilijiapiza kukisoma kwa haki. Niliwaeleza pia kilivyopokewa kwao, maana kitabu cha fedha ni vizuri kujulikana ukoo wake. Mwandishi alikichapisha mwenyewe, kikauzwa mamilioni kwa mamilioni. Wasomaji wengi wanasema kiliwafungua macho. Wakosoaji nao wanasema maelekezo yake hayana hatua za kushika, na wengi hawasadiki kama huyo baba tajiri aliwahi kuishi. Na mwaka 2012 kampuni moja ya mwandishi iliomba hifadhi ya kufilisika, baada ya mahakama kuiamuru ilipe mamilioni ya dola. Kijana wangu alikasirika niliposema hayo, akidhani namchafua mtu. Nilimwambia hata Tippu Tip namsoma hivyo hivyo.

Nikawatajia na kitabu kingine anachokipenda, kile cha George Clason cha mtu tajiri wa Babeli. Kilianza mwaka 1926 kama vijitabu, na mabenki na makampuni ya bima ya Marekani yakavigawa kwa wateja. Mafundisho yake makubwa ni kwamba fungu la kumi la unachopata liwe lako kabla hujalipa mtu mwingine. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1929, soko la hisa la New York lilianguka, na miaka iliyofuata maelfu ya mabenki ya nchi ile yalifunga milango yakiwa na akiba za watu waliotii mafundisho kama hayo. Mkubwa wetu wa Alunguli alisikiliza hilo kwa makini, akaniomba nirudie tarehe. Hakujua kwamba na wazungu walipata 1979 yao.

Wenzangu walikipokea kitabu kila mmoja kwa mkono wake. Muuza samaki alikipenda, na alikuwa na sababu. Kuna mahali mwandishi anamtaka msomaji akiangalie kila kitu alicho nacho na kujiuliza kama kinaleta fedha nyumbani au kinaitoa. Alirudi kwake akalitazama friji lake kubwa, ambalo kwa miaka lilikosa umeme likawa kabati la sahani. Aliliuza wiki ile, akanunua nyavu mbili na wavu wa chuma wa kukaushia samaki. Nasema wazi: likirimba haikuwahi kumuuliza swali lile, wala mimi sikuwahi. Kitabu kilimuuliza, na kilimfaa.

Mwingine, mjane anayelima mpunga njia ya Kibombo, alikikataa kilipofika mahali panaposema nyumba unayoishi usiihesabu kuwa mali, kwa kuwa inakula fedha yako. Aliinuka mkekani. Nyumba yake aliijenga tofali kwa tofali kwa zamu zake za likirimba tangu vita viishe, na paa lake ni la pili, la kwanza lilivuliwa. Alisema kwa sauti ya chini, hakugombana: “Huyo mtu hajawahi kufukuzwa.” Nami nadhani hapo aliona mbali kuliko mwandishi. Mahali ambapo benki zimesimama, karatasi za mahakama zina nguvu na dola inakaa dola, unaweza kuishi kwa kupanga na mali yako ikakaa katika karatasi. Kindu ulinzi wa mjane ni ukuta, na majirani wanaojua ukuta ule ni wa nani.

Kuhusu deni tulibishana Jumamosi mbili. Kijana wangu alitaka sanduku limkopeshe anunue pikipiki ya abiria, kwa sababu kitabu kinasifu deni jema. Tajiri wa kitabu hukopa, nyumba ikawa rehani, mambo yakiharibika kampuni inafilisika na yeye anabaki. Kwetu ukishindwa kulipa sanduku umewanyang'anya wamama kumi na wawili ambao utakutana nao sokoni kila siku ya maisha yako. Mkubwa wetu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole wa bibi: “Mjukuu wangu, huyo baba tajiri, siku fedha yao ilipokufa, alikuwa amevaa nini?”

Kijana alikosa jibu. Lakini wamama hawakumfukuza, na nilifurahi. Walimpa nafasi ya kumi na tatu, mwanamume wa kwanza katika likirimba yetu, atoe kila Jumamosi kama sisi, ale zamu yake ikifika, na pikipiki aifikie kwa zamu mbili badala ya deni moja. Alikubali baada ya siku chache. Sidhani aliacha kuamini kitabu chake, na sikumtaka aache. Ana miaka 24, na kitabu kile ndicho kilichomwambia kwa mara ya kwanza kwamba mtoto wa mwalimu anaweza kufikiria mali bila aibu. Shule yetu, na mimi nikiwemo, haikumwambia.

Jioni ya zamu yake ya kwanza aliniomba nimwoneshe kantini. Mama alifariki 2006 na kantini iko chumbani kwangu, kutu imeanza kwenye bawaba. Ndani kuna vikwembe sita vyangu, cha nne cha mama kilichorudi msituni, kopo la noti za zaire 10, na livret. Aliishika livret kwa ncha za vidole. Akasoma mihuri mmoja mmoja, akaniuliza babu aliweka shilingi ngapi, nikamwambia si shilingi, ni franga, na nikamweleza njia yote: franga 1,000 kwa zaire moja, milioni 3 kwa zaire mpya, 100,000 kwa franga ya leo. Akatoa simu, akaanza kugawanya. Alipofika mwisho alifuta, akarudia kutoka mwanzo. Kisha akanigeuzia kioo nione. Sifuri zilikuwa hazienei. Simu ilikuwa imeandika 4, herufi E, alama ya kutoa na 11. Aliinakili namba ile kwa biki nyuma ya karatasi ya mwisho ya kitabu chake, akaandika chini yake jina la babu na mwaka 1960.